Negativu za zamani za dansi na Safari Rally zimeshika ukungu, nyingine zinanuka siki: nianzie wapi?

Shangani_Kwetu

Habari zenu wakuu. Nipo Mtwara mjini, nina kasha la bati la negativu za marehemu baba mkubwa: mikanda kama 60 ya milimita 35, nyeusi na nyeupe, imekatwa vipande vya picha sita sita, pamoja na slaidi 150 za rangi kwenye fremu za karatasi ngumu. Nyingi ni bendi za dansi jukwaani na magari ya Safari Rally, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960.

Hali yake: vipande vingi vina ukungu mweupe wa nyuzinyuzi. Mikanda mitano inanuka siki na imeanza kujikunja. Picha mbili za karatasi zimegandana na kioo cha fremu.

Nina kamera ya megapikseli 24 yenye lenzi ya makro. Skana sina. Je, nizioshe kwanza ndipo nipige? Nichague zile nzuri tu? Na mwaka nitaujuaje, maana bahasha hazikuandikwa kitu?

Kusi_Lindi

Mkuu, usiguse maji kwanza. Tena ninaposema kuosha hapa nasema maji matupu, si kule kuosha picha kwa dawa. Ukungu unapokula jelatini ya filimu (ule utando mwembamba unaobeba picha), unaiacha ikiwa inayeyuka kwenye maji. Ukitumbukiza kipande kama hicho, picha inachomoka kwenye plastiki na kubaki kwenye beseni. Kuna na joto: maji ya bomba ya huku kwetu mchana yanafika karibu nyuzi 30, na jelatini iliyolowa kwenye joto hilo inakuwa laini hata kama haina ukungu.

Anza kwa kukausha. Tafuta ndoo ya lita 10 yenye mfuniko unaobana, weka gramu 200 za silika (zile punje za kwenye vipakiti vya viatu, ila nunua za kilo, za rangi ya machungwa) ndani ya mfuko wa kitambaa, na kipima unyevu kidogo cha kidijitali. Weka negativu juu ya wavu, zisigusane na silika. Lengo ni asilimia 35 hadi 50. Ikishuka chini ya 30 toa silika kidogo, filimu inakakamaa na kujikunja. Siku tano hadi saba zinatosha. Silika ikibadilika rangi, ioke kwenye nyuzi 120 kwa saa mbili, inarudi. Ukikosa silika, mchele uliokaangwa mkavu hadi ukawa kahawia, ukapozwa kwenye chombo kilichofungwa, unafanya kazi hiyo hiyo. Na kama kazi inaweza kusubiri, ifanye kusi likivuma, Juni hadi Septemba. Kipindi cha kaskazi na mvua utakuwa unapigana na hewa yenyewe.

Ukungu ukikauka unakuwa unga. Toka nje, vaa barakoa, simama upepo ukiwa mgongoni, uufagie kwa brashi laini ya mchoraji. Kisha upande unaong'aa tu, pitisha pamba yenye alkoholi ya aisopropili ya 99% (mafundi simu wanayo, spiriti ya buluu ya dukani usitumie, inaacha utando). Ule upande usiong'aa, ambao ndio wenye picha, ni brashi peke yake. Utaona mahali pamechimbika kama vitawi vya mti. Hapo hakuna cha kufuta, jelatini imeshaliwa. Utarekebisha kwenye kompyuta.

Zile tano za siki zitenge leo hii. Plastiki ya asetati, ambayo ndiyo filimu yenyewe, inaoza na kutoa asidi, na mvuke wa asidi hiyo unaharakisha kuoza kwa jirani zake. Usizifungie kwenye plastiki wala kuzirudisha kwenye bati. Ziweke kwenye bahasha za karatasi, penye hewa, na ndizo uzinakili za kwanza, kwa sababu zikishanywea haziwezi tena kulala bapa.

Makro_Mikindani

Naongezea upande wa kunakili. Kamera yako inatosha kabisa. Lenzi ikifika ukuzaji wa 1:1 (picha kwenye kihisi inalingana na ukubwa wa negativu yenyewe), na kihisi kikiwa cha milimita 24 kwa 36, pikseli 6000 juu ya milimita 36 ni sawa na dpi (pikseli kwa kila inchi) 4200 hivi. Skana nyingi za bapa zimeandikwa 6400 lakini zinachopata kweli hakifiki hata nusu yake.

Unahitaji paneli ya LED nyeupe yenye CRI (kipimo cha mwanga kuonyesha rangi kwa uhalisi) 95 au zaidi. Kioo cha simu au tableti kitakuonyesha vidoti vyake kwenye picha, labda uinue negativu sentimita 3 juu yake na uweke plastiki nyeupe katikati. Kata kadibodi nyeusi yenye dirisha la ukubwa wa picha ili mwanga wa pembeni usiingie kwenye lenzi, na zima taa za chumba.

Sehemu inayowashinda wengi ni unyoofu. Weka kioo kidogo cha kujitazamia pale negativu itakapokaa, elekeza kamera chini, tazama. Lenzi ikijiona katikati kabisa ya picha, kamera iko sambamba. Ikijiona pembeni hata kidogo, kona moja itatoka nje ya fokasi na utadhani ni kosa la mpiga picha. Kisha ISO 100, f/8, kipima muda sekunde 2, faili za RAW (ghafi, ambazo kamera haijazibana kuwa JPEG). Andaa angalau GB 70 kwa kazi yote, na nakala nyingine kamili kwenye diski ya pili inayokaa nyumba tofauti.

Picha za jukwaani zina tatizo lake: uso na maikrofoni vimewaka, wapigaji wa nyuma wako gizani. Piga mara mbili, ya pili ukiongeza mwanga kwa stopu moja na nusu (stopu moja ni mwanga mara mbili), uziunganishe. Giza lisilo na kitu kwenye negativu liache giza, ukilivuta unapata punje tupu.

Kwenye magari, zima kabisa zana ya kufuta vumbi yenyewe kwa yenyewe. Inafuta na changarawe zinazorushwa na magurudumu, na hizo ndizo picha! Futa kwa mkono ukiwa umekuza asilimia 100. Na zile programu za akili bandia za kuongeza ukali msizitumie kwenye nakala ya kuhifadhi. Zinabuni sura za watu na herufi za namba za gari.

Dramu_na_Gia

Kuhusu kuchagua: usichague. Kabla ya picha moja moja, piga kila kipande kizima, picha zote sita pamoja na kingo zenye matundu. Mkanda uliokatwa unajulikana kwa namba zake za pembeni (20, 20A, 21, 21A), kwa hiyo unaweza kuuunga tena wote, na ile picha mbovu iliyotikisika ndiyo mara nyingi inayotoa tarehe. Ukikuta bendi kwenye namba 14 na gari la rali kwenye namba 17 ya mkanda ule ule, umeshapata mwaka wa dansi hilo kwa karibu sana, kwa sababu rali ilikuwa inakimbizwa wakati wa Pasaka.

Soma kingo. Neno HP5 (filimu ya Ilford) linamaanisha si kabla ya 1976, HP5 Plus si kabla ya 1989. Kwenye fremu za slaidi za Kodak angalia mwezi na mwaka uliogongwa kwa muhuri au kukandamizwa, ila huo ni wa filimu kusafishwa kwa dawa maabara, si wa kupigwa picha.

Soma kibao cha mlangoni mwa gari. Kuanzia 1960 mashindano yaliitwa East African Safari, na kuanzia 1974 Safari Rally. Mitsubishi Lancer haiwezi kuwa kabla ya 1973, na dereva Joginder Singh alishinda nayo 1974 na 1976. Datsun 240Z ilishinda 1971 na Edgar Herrmann, 1973 na Shekhar Mehta. Lakini kuona 240Z peke yake hakukupi mwaka. Unahitaji namba ya mlangoni ulinganishe na orodha ya walioanza, na magazeti ya wiki ile ya Pasaka.

Kwa bendi, soma maandishi kwenye dramu kubwa ya kukanyaga. NUTA Jazz na JUWATA Jazz ni bendi ile ile, jina lilibadilika mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwimbaji na mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe akiwa na bendi yake ya Super Volcano ni 1973 hadi 1978, kwani alifariki Januari 1979. Na kama wapiga gitaa wote wanaonekana wa mashoto, umeigeuza negativu.

Shangani_Kwetu

Shukrani sana wakuu. Slaidi nyingi zimekuwa nyekundu, nyingine rangi zake ziko vizuri. Na zile za kwenye kioo?

Kusi_Lindi

Zilizo nzuri huenda ni Kodachrome, filimu ya slaidi ya Kodak, gizani inatunza rangi sana. Nyekundu zimepoteza rangi ya samawati-kijani. Rekebisha kila chaneli (nyekundu, kijani, buluu) peke yake, usisogeze kitelezi kimoja cha joto la rangi.

Za kioo usizibandue, na usiruhusu fundi fremu azibandue kwa wembe. Zipige hapo hapo kupitia kioo, taa mbili kwa pembe ya nyuzi 45 kila upande, kitambaa cheusi mbele ya kamera chenye tundu la lenzi katikati yake, ili kioo kisirudishe mwangaza wako. Ukishakuwa na nakala hiyo, picha iache na kioo chake.