Wenye sheli Dodoma, acheni kuwauzia wenye magari ya zamani petroli ya bei kubwa kama dawa

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa nimekereka hasa, kwa hiyo sitazunguka. Kuna mchezo unaendelea kwenye baadhi ya sheli za hapa mjini. Ukiingia na sedani ya zamani, iwe Corolla 110, Carina au Corona, mhudumu anakuwahi na maneno yale yale: gari limechoka hili, lipe ile petroli nzuri, litakula kidogo. Ile nzuri ndiyo ile ya bei ya juu. Na wanaopigwa ni watu wale wale kila siku, mstaafu, dereva wa teksi, mwalimu anayehesabu mafuta ya kumtoa Kibaigwa hadi mjini na kurudi.

Wikiendi iliyopita nilikuwa na mama yangu mdogo kwenye Corolla yake ya 1998. Tumeingia sheli, ameshusha kioo, ameomba petroli ya elfu hamsini. Basi. Kijana akamwamkia kwa adabu zote, akafungua kifuniko, akavuta mpira wa pampu. Mimi nimekaa upande wa abiria natazama namba zinavyokimbia, naona bei ya lita kwenye pampu siyo ile iliyoko kwenye bango la barabarani. Nikashuka.

"Mdogo wangu, umeweka ipi?"

"Ile ya juu, kaka. Gari la zamani hili, mafuta ya kawaida yanaliua injini."

Aliulizwa mwenye gari? Hakuulizwa. Msimamizi alipoitwa akasema mafuta yakishaingia kwenye tenki hayarudi, na kwamba mama atakuja kushukuru. Mama mdogo akalipa, akachukua risiti, akaniambia twende mwanangu, tusigombane na watoto wa watu. Yeye kasamehe. Mimi sijasamehe, kwa sababu alichoambiwa ni uongo na kauziwa kwa uongo huo.

Tuanze na oktani, kipimo ambacho hiyo petroli ya bei ya juu inasifiwa kwacho na wanakitaja bila kukielewa. Oktani inapima petroli inavyovumilia kubanwa ndani ya silinda bila kujilipua kabla ya wakati wake. Injini inayobana sana, au yenye taboo (pampu inayoshindilia hewa ndani ya injini), inaihitaji iliyo juu, la sivyo inagonga, yaani petroli inajilipua mapema. Injini isiyobana sana haipati chochote cha ziada, maana petroli ya oktani ya juu haina nguvu zaidi ndani yake. Injini ya 5A iliyomo kwenye 110 nyingi za hapa nchini ina mbano usiofika 10 kwa 1, yaani hewa na petroli havibanwi hata mara kumi. Ilitengenezwa kwa petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kiwango chao kinataka oktani isiyopungua 89. Ile ya juu huko Japani inaanzia 96, nayo ni ya magari kama Altezza yenye injini ya 3S, Subaru zenye taboo, na Chaser za 1JZ yenye taboo. Mwenye gari la namna hiyo anajua, na mara nyingi imeandikwa kwenye kifuniko cha mafuta. Mama yangu mdogo hana taboo. Ana Corolla ya kwenda kanisani na sokoni Majengo.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wa Dodoma tungepaswa kulijua kuliko wa Dar. Mji huu uko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kidogo, silinda inavuta hewa pungufu, na shinikizo ndani yake linashuka, kwa hiyo hatari ya kugonga inapungua. Marekani, kwenye majimbo ya milimani kama Colorado, petroli ya kawaida huuzwa ikiwa na 85 kwa kipimo chao, wakati kwingine ni 87. Yaani kwa mwinuko wetu huu, gari la mbano mdogo lina sababu ndogo zaidi ya kupewa oktani ya juu, na ndipo mtu anamlazimishia mstaafu!

Nikubali lipo gari la zamani linalogonga kweli, kwa sababu masizi yamejaa kwenye silinda. Utalisikia likipanda mlima na mzigo, mlio kama kokoto ndani ya kopo. Huyo ajaribu ya juu wakati anatafuta fundi. Na viungio vya kusafisha nozo (vinyunyizio vya petroli kwenye injini) vinavyowekwa kwenye hizo petroli vina kazi yake, sibishi. Kinachonichoma ni hiyo ahadi ya "litakula kidogo".

Tufanye hesabu ya mfano. Kawaida 3,000 kwa lita, ya juu 3,200. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litabidi lifike 12.8 ili tu mwenye gari asipate hasara, hapo hata faida hajaiona. Gari zima lisilogonga halitafika huko kwa kubadilishiwa petroli peke yake.

Sasa mafundi, msijifiche, na nyie mmo. Nusu ya magari yanayosemwa yanakunywa mafuta hapa mjini nikiyafungua nakuta hayana themostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto. Gari lilichemsha siku moja, fundi akang'oa themostati akatupa, akamwambia mteja "tumeondoa tatizo". Tatizo lilikuwa rejeta iliyoziba au feni isiyowaka, nalo limebaki pale pale. Sasa maji yanazunguka muda wote, injini haipati joto lake. Themostati ya hizo Toyota inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Bila hiyo, asubuhi ya Julai, upepo wa Dodoma unapiga, unatoka Nkuhungu hadi Mtumba na mshale wa joto bado umelala chini. Sensa ya joto inaiambia kontrol boksi (kompyuta ya injini) kwamba injini ni ya baridi, kontrol boksi inaamuru nozo zimwage petroli zaidi, na mwenye gari analipia petroli hiyo mwaka mzima. Kisha anafika sheli anaambiwa anunue ya bei ya juu. Mnaona mtu mmoja anavyokamuliwa na pande mbili?

Mwenye sedani ya zamani aangalie mshale huo kabla ya kitu kingine chochote. Ukiendesha dakika ishirini na haujakaribia katikati, muulize fundi wako themostati iko wapi. Baada ya hapo plagi, sensa ya oksijeni, upepo wa matairi, breki zinazokamata. Ea klina kwa vumbi letu hili lazima, ingawa kwenye gari la nozo ikiziba inaua nguvu zaidi kuliko inavyoongeza ulaji. Wenye kabureta ndio wataona tofauti kwenye mafuta.

Najua atakuja mtu kusema petroli ya kawaida imechakachuliwa, bora ya juu. Mafuta ya taa ndani ya petroli yanashusha oktani, kweli, na tuliumia nayo mpaka serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili tofauti ya bei isimvutie mchakachuaji. Vinasaba (alama ya kutambulisha mafuta halali) vinawekwa, ukaguzi upo. Sheli unayoishuku, ihame na uiripoti. Kama inachakachua ya kawaida, kwa nini uiamini kwenye ile ya juu?

EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, makao makuu yako hapa hapa Dodoma. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi wanatangaza bei kikomo, na sheli inatakiwa iweke bei kwenye bango linaloonekana na itoe risiti ya mashine. Ninachotaka kiongezwe ni kidogo: mteja asipotaja aina, awekewe ya kawaida, na mhudumu aseme bei ya lita kabla ya kubonyeza pampu. Wenye sheli mlioko humu, acheni pia kuwapangia wale vijana malengo ya kuuza ya bei ya juu, kama ndivyo mnavyofanya. Jibuni hapa, wateja wenu wanasoma.

Na waliowekewa bila kuulizwa, pigeni picha risiti zenu, ficheni namba za gari, wekeni kwenye uzi huu. Nitazikusanya nizipeleke EWURA mwenyewe.