Bendi yetu ya roki: tukipiga nyimbo zetu wenyewe watu wanatoka nje. Tufanyeje?

Nyuzi Sita
Wakuu, naombeni ushauri. Tuko wanne: gitaa mbili, besi na dramu. Huu ni mwaka wa tatu na tuna nyimbo tisa tulizotunga wenyewe. Tukipiga kopi, yaani nyimbo za bendi nyingine, ukumbi unachangamka, watu wanaimba mpaka sauti zinawakauka. Nikisema tu "huu unaofuata ni wetu, tuvumilieni kidogo", nusu yao wanainamia simu au wanatoka kupunga upepo. Mwenye ukumbi anataka zinazojulikana tu, na mpiga dramu wetu yuko upande wake. Mimi siwezi. Mmoja niliutunga wiki tuliyomzika baba, nao haujawahi kusikilizwa mpaka mwisho. Tuache kopi kabisa, au tusubiri kwanza tujulikane?

Fundi Mitambo
Hiyo "tuvumilieni" ifute leo. Unawaomba watu radhi kabla hawajasikia hata noti moja!

Halafu chunguza wanatoka saa ngapi hasa. Mimi niko kwenye mitambo, nawaona: wengi huondoka kwenye kile kimya cha kati. Gitaa linatyuniwa, mpiga besi anahangaika na waya, mnaulizana kinachofuata. Wimbo unaojulikana watu wanausubiri, mgeni hausubiriwi. Dramu isinyamaze. Mpiga dramu aendeleze mapigo mkiwa mnatyuni, kisha muingie na wimbo wenu humohumo.

Besi Nzito
Kuacha kopi napinga. Metallica, bendi ya roki nzito ya Marekani, walianza mwaka 1981, na shoo zao za mwanzo zilijaa nyimbo za Diamond Head, bendi ya Uingereza ambayo wasikilizaji wengi walikuwa hawaijui. Yaani kopi zenyewe zilifanana na muziki waliotaka kuutunga. Ninyi mkipiga kila kinachovuma, mtu atajuaje ninyi ni akina nani? Mwaka 1982 Metallica wakatoa demo, yaani rekodi ya majaribio, mashabiki wakawa wanarekodiana kaseti mkono kwa mkono. Rekodini wimbo mmoja, mmoja tu, vizuri, watu waondoke nao.

Mama Kiitikio
Naongezea: wimbo wenu mtu anaweza kuushika akiusikia mara moja? Sisi tuliukata mmoja beti nzima, kiitikio tukakileta mwanzoni, tukaupiga kila shoo bila kuubadilisha. Usiku mmoja dada aliyesimama mbele akauimba, tena neno moja akalikosea. Tangu siku hiyo tunaimba la kwake. Nililia nikiwa stejini.

Na kabla ya kurekodi, kaeni muandike nani katunga nini na mgawo wa kila mmoja, hata kwenye karatasi ya daftari. Nimeona marafiki wa utotoni wakikosana kwa hilo, inauma sana.

Nyuzi Sita
Asanteni kutoka moyoni. Jana mazoezini tumejaribu kuunganisha kwa dramu, na mpiga dramu ndiye aliyeomba turudie mara tatu. Shoo ijayo ule wa baba unaingia wa pili, moja kwa moja kutoka kwenye kopi, na sitasema neno kabla yake. Mama Kiitikio, huyo dada alibadilisha neno gani?

Mama Kiitikio
Tuliandika "nitabaki". Yeye akaimba "baki". Silabi mbili tu, sasa ukumbi mzima unalipaza.