Gemu gani huwezi kuifuta kwenye mashine yako? Nitajie moja kwa kila aina

Kijana wa Mwanjelwa
Wakuu habari zenu. Hapa Mbeya baridi ya mwezi wa sita imeshaanza kubana, saa moja usiku kila mtu yuko ndani, na mimi nimepata leptop ya mtumba ila nafasi iliyobaki ni ya gemu nne tano tu na bando lenyewe mnalijua, sitaki kushusha kitu halafu nikifute kesho yake. Nataka mnitajie ya mpira, ya ngumi, ya magari, na zile za kutuliza kichwa, na uniambie kwa nini, sio jina tu.

Ya stori nimeshachagua na sibadilishi, ni GTA San Andreas ya 2004. Wengi wanaikumbuka kwa chiti na vifaru, mi naipendea mwanzo wake, CJ, yule unayemchezesha, anarudi nyumbani Los Santos, mji wa humo ndani ya gemu, mwaka 1992 kwa sababu mama yake amefariki, yani gemu inaanza na msiba, na ukimrudisha kwenye ile nyumba unakuta ndugu wenyewe hawaelewani. Tulikuwa tunaicheza kwenye banda la gemu la mtaani, kwenye PS2, memori kadi moja watu wote, nikitoka shule nakuta mtu kaseivu juu ya yangu naanza upya. Ile misheni ya kufukuza treni na pikipiki nimeirudia mpaka naijua kila kona. Haya, leteni zenu.

mguu_wa_kushoto
Mpira ni PES 6 mkuu, ya 2006, na sioni ya kuifikia. Grafiksi za siku hizi ni nzuri sikatai lakini ule uzito wa mpira mguuni sijauona tena. Ukimpa Adriano, yule mshambuliaji wa Inter, nafasi nje ya boksi akaugeukia na kushoto, kipa anaruka kutimiza wajibu tu. Tulifika mahali pale Soweto tukaweka sheria kabisa, kwenye mechi ya hela Inter haichaguliwi. Konami, wenye PES, toka 2021 wamebadilisha jina ikawa eFootball na kuipata ni bure, ila inataka intaneti muda wote, na kwa mtu wa bando sikushauri. Chukua hiyo ya zamani, leptop yoyote inaibeba.

Dada wa Kihesa
Kamwene wakuu. Kwenye ngumi ni Tekken, na kama mashine ni ya kawaida anza na ya tatu, ile ya PlayStation ya kwanza ya 1998. Najua wote mtasema Eddy Gordo kwa sababu ukibonyeza batani za mateke bila mpangilio anacheza kapoeira na mtu anaanguka, mi nawaambia mchukueni King, yule mwanamieleka. King anataka ujifunze, ule mkamato wake mmoja unaunganisha na mwingine na mwingine, ukikosea batani moja katikati mnyororo umekatika. Nilijifunza nikiwa fomu two, naandika batani nyuma ya daftari la hesabu halafu jioni naenda bandani, nilikuwa msichana peke yangu mle na mwanzoni walikuwa hawanipi pedi mpaka wote wachoke. Siku nilipomfunga bingwa wa pale raundi tatu mfululizo kwa mkamato uleule, aliweka pedi chini taratibu akaniuliza "nionyeshe vidole vyako vinaendaje".

Halafu kuna kitu nataka vijana wa huku wakijue. Mwaka 2019 kijana wa Pakistan anaitwa Arslan Ash alitwaa ubingwa wa Tekken 7 kwenye EVO, yale mashindano makubwa ya gemu za ngumi, ya Japani na ileile EVO ya Marekani kwenye mwaka mmoja, wakati hata hao wakubwa walikuwa hawaijui Pakistan kwenye hii gemu. Alitoka kwenye mabanda kama haya yetu. Mi hiyo huwa inanikaa sana moyoni.

Gia_ya_Chini
Niko Makambako. Watu wa magari watakwambia Need for Speed Most Wanted ya 2005, ile BMW M3 GTR wanakunyang'anya mwanzoni kabisa halafu unahangaika na wababe 15 mpaka umfikie Razor, namba moja wao, uirudishe, na ni kweli ni tamu, lakini mi siwezi kufuta Euro Truck Simulator 2. Unaanza dereva wa kuajiriwa na lori la watu, unakopa benki, unanunua la kwako. Hakuna kupiga mtu, ni mzigo, usiku, mvua na wewe.

Mzee wangu ameendesha Dar–Tunduma miaka mingi. Siku moja nacheza, kakaa kitandani anakunywa chai, nikaanza kushuka mlima na tani 20 nikakanyaga breki, akasema "shusha gia kabla hujaanza kushuka, sio ukiwa katikati, hiyo ndo inaua watu Kitonga". Nikarudia vile alivyosema, lori likatulia kabisa. Toka siku hiyo akirudi safari anauliza lile lori lako limefika wapi.

viazi_njombe
Ya kutuliza kichwa ni Stardew Valley, 2016, katengeneza mtu mmoja Eric Barone kila kitu mpaka muziki. Unarithi shamba la babu limejaa magugu. Kila msimu una siku 28, ukichelewa kupanda msimu ukageuka mazao yote yamekufa shambani, na viazi vinataka siku sita. Mi ni mkulima kweli, mwaka juzi mbolea ilichelewa nikapoteza karibu nusu eka, na jioni zile hii ndo ilikuwa inanishika, unamwagilia, unalala, asubuhi kimeota. Haifiki hata GB moja na haitaki intaneti.

Kijana wa Mwanjelwa
Ndaga sana wakuu. Hiyo ya shamba naishusha leo usiku, na ya lori nasubiri bando la wikiendi. Gia_ya_Chini, mwambie mzee shikamoo. Dada wa Kihesa, mwezi wa nane nina safari ya Iringa, nakuja na pedi yangu, huo mkamato wa King nataka nione vidole vinaendaje.

Dada wa Kihesa
Njoo, na daftari usisahau.