Tupeane uzoefu: pishi ulilopewa na shoga au jirani, na kitu ambacho hakukutajia

SomoWaNgamiani

Habari zenu wapendwa. Wa Tanga mjini, wa Muheza, wa Pangani, na nyie mliohamia bara mkaondoka na mbuzi ya kukunia nazi kwenye begi, karibuni.

Kila mmoja wetu ana pishi alilopewa na mtu: shoga, jirani, wifi, hata shemeji. Na kila mmoja anajua kwamba pishi la kupewa mdomoni huwa halifiki lote. Unatajiwa tui, iliki, hamira, unakwenda kupika kwako, chako si chake. Leteni basi. Nani alikupa, kipi hakukitaja, na ulikijuaje.

Naanza na vitumbua. Kuna mama mtaani kwetu huku Ngamiani, vitumbua vyake ukichelewa kidogo asubuhi unakuta beseni tupu. Ni somo wangu wa miaka. Pishi alinipa bila hiyana: mchele nusu kilo, hata chenga zinafaa, uloweke usiku kucha, usage kwa tui zito, tia sukari, iliki na hamira kijiko cha chai, uache uumuke, choma. Nikafuata neno kwa neno. Vya moto vinalika vizuri, vikipoa vinakaza. Vyake hata alasiri unabonyeza kwa kidole kinarudi.

Nikawa naamka kwenda kumshikia taa wakati anasaga. Nikamwona anafunua kibakuli, anachota wali uliolala, konzi moja, anautupia kwenye blenda pamoja na mchele mbichi. Nikamwambia, "Somo, hili hukunambia." Akanitazama kama ninamtania. "Wali nao wa kuambiwa? Si upo kila nyumba!"

Nimejaribu bila wali na kwa wali, tofauti ni kubwa. Wali ulioiva unashika maji ndani, kitumbua hakikauki upesi. Wanaotumia unga wa mchele hupika uji mzito wa unga kidogo wakauchanganya na uliobaki, kazi ni ile ile. Cha pili, moto uwe mdogo na usikigeuze mpaka ukingo uanze kuachia wenyewe. Yeye anageuza kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa ncha, na ukimletea kijiko anakirudisha.

KaperaChumbageni

Mimi ni mwanamume napika mwenyewe, msiniulize mke yuko wapi.

Pishi langu ni mbaazi za nazi, nimepewa na bibi mwenye nyumba ninayopanga. Alinisikia kila asubuhi natoka kwenda kununua, siku moja akasema, "Mjukuu wangu, wewe utakula mshahara wote kwenye mbaazi." Akaniorodheshea: loweka mbaazi kavu usiku, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya mpaka zipasuke, tia tui jepesi, kitunguu, chumvi, na pilipili mbuzi nzima na kikonyo chake ili itoe harufu isimwage ukali. Mwisho tui zito.

Alichoniachia nikigundue mwenyewe ni mkono. Tui langu zito likawa linakatika kila mara, mafuta juu, maji chini, mabonge katikati. Nikamwita aje aone. Akachukua upawa, akawa anateka mchuzi, anauinua juu, anaumimina humo humo sufuriani, anateka, anamimina, hakuacha mpaka ulipochemka mara moja akaepua. Hakufunika. Halafu akaponda mbaazi kidogo kwa mgongo wa upawa zikaufanya mchuzi mzito. Basi. Siku hizi wapangaji wenzangu wanagonga mlango na mahamri mkononi.

ChaiYaTangawizi

Kapera, hao wapangaji hawagongi kwa ajili ya mbaazi, fungua macho 😂

MkweWaMuheza

Mimi kwetu Iringa, nimeolewa Muheza. Kisamvu nilikijua cha karanga. Nilipofika huku nikaona watu wanakipika kwa nazi, nikasema hawa nao. Leo mniulize kama ninakumbuka karanga.

Aliyenifundisha ni wifi yangu mkubwa, na sharti lake lilikuwa moja: nikae jikoni kwake, sio aniandikie. Majani machanga ya muhogo, yale ya nchani. Yanatwangwa kwenye kinu na kitunguu thomu kidogo mpaka yawe laini kabisa. Mimi nilitaka kuyasaga kwa mashine ya nyama, akakubali kwa shingo upande, na kwa haki yake niseme cha kinu kina ladha nyingine. Yakishatwangwa yanachemshwa kwa maji mengi, sufuria wazi, muda mrefu.

Hapo kwenye muda ndipo ninataka wageni wa pwani wasikie. Majani ya muhogo yana sumu ya asili, ndiyo ile sayanidi. Kutwanga kunaifungua na kuchemsha sufuria ikiwa wazi kunaitoa na mvuke. Ukifunika na kuharakisha hujafanya kitu. Wifi hakutaja sayanidi, yeye alisema tu "kisamvu hakina haraka, mwenye haraka apike mchicha," lakini maana ni ile ile. Muhogo mchungu nao ndiyo zaidi. Wanaotengeneza makopa ya bada, ule ugali wa muhogo, hapa wanajua upi unaloweshwa na upi unaanikwa moja kwa moja, usijifanyie tu.

Maji yakikaribia kukauka, tia tui jepesi, nyanya chungu, bilinganya ukipenda, na kipande cha papa mkavu au ng'onda uliyoiosha chumvi. Tui zito mwisho, moto mdogo. Kitu ambacho wifi hakukitaja mpaka nilipomwona: hatii chumvi mpaka samaki mkavu aive humo, ndipo anaonja. Mimi nilikuwa natia mapema, mume wangu anakunywa maji usiku kucha anadhani ana sukari.

Kwa bada ndiyo usiseme. Mezani kwetu wali siku hizi ni chakula cha wageni.

MwanaMakorora

Samaki wa kupaka. Nimepewa na rafiki yangu ambaye baba yake alikuwa mvuvi, tunakwenda naye Deep Sea asubuhi mashua zikiingia. Yeye hachagui samaki kwa bei, anafunua shavu aone wekundu, anabonyeza tumbo, akisita kidogo tu anaondoka. Changu au kolekole ndio wanaofaa. Nguru ni mtamu ila mkavu, anataka mchuzi.

Samaki unampasua mgongoni, unampaka chumvi, kitunguu thomu, tangawizi na pilipili, unamchoma kwa mkaa wa vifuu. Pembeni unapika tui zito na binzari ya manjano, thomu na pilipili, unakoroga bila kupumzika mpaka liwe zito kama uji wa mgonjwa. Unampaka upande mmoja, unamrudisha motoni uso juu mpaka tui lishike, unampaka tena.

Rafiki yangu hakunitajia ndimu inaingia saa ngapi. Mimi nikawa naikamulia ndani ya tui likiwa jikoni, linakatika. Yeye anaikamua baada ya kuepua, tui limetulia. Tui halipendani na uchachu likiwa linachemka. Nilipomwuliza akasema alidhani najua, mimi si mtu wa pwani?

BibiSahare

MwanaMakorora, ukwaju mbona unachemka na tui na haukati? Sisi tumekula samaki wa ukwaju tangu wadogo.

MwanaMakorora

Bibi shikamoo. Ukwaju mnautia kwenye tui jepesi, tena kidogo, na mnaendelea kukoroga. Tui zito likiingia mnaepua upesi. Au sivyo?

BibiSahare

Marahaba. Ndivyo. Na mbirimbi je, mbona hamzitaji? Mchuzi wa samaki bila mbirimbi mbili tatu za kukatia kati ni mchuzi wa hotelini.

BintiPangani

Haya, mimi naleta ugomvi. Mkate wa kumimina.

Shoga yangu wa Pangani aliniambia ute wa yai. Shoga yangu wa hapa mjini anasema ukitia yai umeharibu, huo ni keki. Nimepika kwa mapishi yote mawili na ninasema hadharani: yai si hoja. Hoja ni sufuria na saa ya kumimina.

Rojo la mchele na tui likishaumuka, liangalie. Likianza kupanda na kutoa vipovu vidogo juu, hiyo ndiyo saa yake. Ukilisubiri lishuke limeshachacha na mkate unakuwa mzito chini. Sufuria iwe jikoni tayari, mafuta yake ya moto, ndipo umimine, usikie chwaa. Ukimimina kwenye sufuria baridi utaubandua kwa kisu. Kisha acha moto wa chini tu mpaka uso uanze kutoboka vitundu, ndipo upalie makaa juu ya kifuniko. Mashoga zangu wote wawili wanafanya hivi na hakuna aliyenitajia. Walichonitajia ni ugomvi wa yai.

Oveni ipo, sikatai. Lakini ule wekundu wa juu wa makaa sijaupata kwenye oveni.

BarabaraYaKumiNaMbili

Mimi naona mnawaonea hawa mashoga. Mama anayeuza vitumbua, hilo pishi ndilo linalosomesha watoto wake. Akiweka siri moja mfukoni ana haki. Hata mimi biriani ya oda sikupi masala yake, ukitaka njoo ununue.

Lakini mapishi ya nyumbani ni jambo lingine, na mahali nilipojifunza zaidi ni Ramadhani. Huku kwetu futari inapita milango. Leo jirani anakuletea mihogo ya nazi, na sahani haiwezi kurudi tupu, kwa hiyo kesho unairudisha na magimbi, au tambi, au kaimati. Hapo hakuna anayemfundisha mtu. Unaonja tu, unajua huyu ametia mdalasini kwenye tambi, huyu mihogo yake ameipika kwa tui la pili kwanza ndiyo maana imelainika mpaka ndani. Halafu unajaribu kwako na unampelekea yeye aonje. Mwaka mmoja jirani alikula kaimati zangu akarudisha sahani na ujumbe kwa mtoto: "Mwambie mama shira aitie iliki ikiwa ya moto." Sikukasirika. Nilitia.

NipoDodomaKikazi

Nyie mnanitesa. Hapa nazi ni bei ya kuhesabu na nyingine ukiivunja inanuka mafuta.

Mashoga zangu wa Tanga tuna kundi letu la WhatsApp, kila Jumapili mmoja anatuma alichopika. Shida ni moja. Wanatuma sauti, "unatia bizari nyembamba kiasi, tui kiasi." Kiasi gani jamani? Bibi yangu naye ananipimia kwa kibaba, vibaba vinne pishi moja, na mimi nina kikombe cha plastiki. Nikaamua kubadilisha: asitume sauti, atume video ya mkono wake tu, kuanzia anapotia mpaka anapofunika. Tangu hapo pilau yangu imekuwa na rangi. Kumbe yule mwenzetu anapokaanga vitunguu huwa anavifikisha kahawia ya mbegu ya ukwaju, mimi nilikuwa naishia njano na kulaumu nyama.

Swali langu kwa wazoefu: tui la boksi mnalitumiaje? Samaki wangu anatoka mwepesi, hana ule utamu.

SomoWaNgamiani

Dodoma, pole mama. La boksi usilichemshe muda mrefu. Pika mchuzi wako na maji au supu ya vichwa vya samaki, halafu boksi liingie mwisho kama tui zito, lichemke mara moja, epua. Usilizimue kwa maji ukadhani umepata tui jepesi. Na kama kuna mtu anakuja huko kwa basi, mwambie akuletee nazi kavu kutoka soko la Mgandini, atikise asikie maji ndani, na achague zisizo na ufa machoni. Zinakaa.

BibiSahare, tunakusubiri kwa pweza. Usituambie "unampika tu mpaka anaiva."

BibiSahare

Pweza mpigeni kwanza. Mkishampiga ndipo mnifuate kwa chumvi.