Miwani mipya imeniinamishia sakafu. Anayezoea ni jicho au ubongo?

Sindano_Butu:

Wakuu, habari zenu. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 41, na Jumatatu nimevaa miwani kwa mara ya kwanza maishani. Daktari wa macho aliniambia konea zangu, yaani ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, hazikuumbika duara kama mpira, zimebonyea kama yai, ndiyo maana miaka yote tundu la sindano nililiona lina kivuli pembeni. Sasa tundu naliona safi, uzi unaingia mara moja. Tatizo ni vitu vingine vyote.

Sakafu imeinama kuelekea kulia. Siyo kwamba nayumba, hapana, ni mteremko kabisa, na nikishuka ngazi mguu unagonga chini kabla sijautarajia. Meza yangu ya kukatia, ambayo nimeisimamia miaka tisa, imekuwa pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Nimeweka rula ya pembe kwenye kona: inakaa barabara. Rula inasema kona iko sawa, macho yanasema na rula nayo imepinda. Juzi nikakata kola kwa kukadiria, kama nifanyavyo siku zote, ncha moja ikatoka ndefu kuliko ya pili.

Daktari alisema "utazoea, wiki moja au mbili". Sikuuliza zaidi kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na foleni. Lakini neno hilo limenikaa kooni. Atakayezoea ni nani? Lenzi haibadiliki, jicho halibadiliki. Kama kuna kitu humo ndani kitakachoinyoosha meza ambayo lenzi inaipinda, basi kabla ya miwani kitu hicho kilikuwa kinafanya kazi gani?

Nywele_Nne:

Rudisha miwani, wamekosea vipimo. "Utazoea" ni lugha ya kumtoa mteja mlangoni kiungwana.

Msaga_Lenzi:

Mkuu hapo juu, vipimo hukosewa, sikatai, ila dalili alizozitaja mleta mada unaweza kuzipata hata kwa lenzi iliyo sahihi kabisa. Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Lenzi ya jicho lenye umbo la yai haikuzi picha sawa pande zote. Inakuza zaidi kidogo kwa mwelekeo mmoja, na mara nyingi mwelekeo wa jicho la kulia haufanani na wa kushoto. Kwa jicho moja peke yake usingeona jambo kubwa. Lakini ubongo unalinganisha picha mbili, na kutokana na tofauti ndogo iliyopo kati yake unapiga hesabu: hiki kipo karibu, kile kipo mbali. Ukiichezea tofauti hiyo hata kwa unywele, hesabu inatoa jibu jipya, na jibu lenyewe ni kwamba sakafu ina mteremko. Funika jicho moja uangalie. Sakafu ikitulia kwa sehemu kubwa, ndilo hilo.

Vaa tangu asubuhi mpaka unapolala, usiwe mtu wa kuvua na kuvaa. Ngazini shika ukingo. Ukiona vitu viwiliviwili, au wiki mbili zikapita bado kichwa kinauma, rudi ukapimwe upya. Na usikae kwenye kiti ukisubiri kuzoea. Tembea, shika vitu, kata kitambaa cha bure.

Panya_wa_Maktaba:

Hilo la "tembea" lina historia, ngoja nilisemee kidogo, nalipenda.

Mwaka 1963 Richard Held na Alan Hein, watafiti wa Marekani, walichukua vipaka waliokuwa wakilelewa gizani. Saa tatu kwa siku waliwatoa wawili wawili kwenye mwanga, wakiwa wamefungwa kwenye pande mbili za mtambo mmoja unaozunguka. Mmoja alitembea kwa miguu yake. Mwenzake alikaa ndani ya kisanduku, akazungushwa na hatua za yule wa kwanza. Waliona kuta zilezile, kwa muda uleule. Lakini aliyetembea alijifunza kuona, yule wa kwenye kisanduku hakujifunza: ukimshusha kuelekea meza hakunyoosha miguu kuipokea, ukimsogezea kitu ghafla usoni hakupepesa. Walipomwachia atembee mwenyewe kwenye mwanga, baada ya siku mbili hivi akawa sawa. Kwa hiyo kuangalia peke yake hakukutosha. Ubongo ulihitaji kuagiza mguu, kisha kuona agizo hilo limebadilisha nini.

Mkongwe wa haya ni George Stratton, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1897 alichapisha habari za siku nane alizovaa lenzi inayopindua dunia juu chini na kulia kushoto. Jicho moja alilifunika kabisa, na usiku alijifunga kitambaa machoni asije akaibia kuona. Siku za mwanzo akitaka kushika kitu alipeleka mkono usio sahihi. Siku za mwisho alikuwa anatembea nyumbani kwake bila kufikiria. Alipovua, dunia haikuonekana juu chini, aliitambua kuwa ni ileile ya zamani, lakini kwa saa kadhaa ilimshangaza, akawa anasita atumie mkono upi.

Sasa swali lako la kabla ya miwani. Picha inayoangukia nyuma ya jicho la kila mtu iko juu chini, Kepler, yule mtaalamu wa nyota, alishaeleza hilo mwaka 1604. Na sehemu ambayo mshipa wa fahamu unatokea jichoni haioni chochote. Chukua chaki yako, weka nukta mbili kwenye kitambaa, umbali wa sentimita 10. Funga jicho la kushoto, la kulia likazie nukta ya kushoto, kisha sogeza uso polepole. Ukiwa sentimita 37 hivi, nukta ya kulia itatoweka. Usiniulize inaenda wapi, angalia kinachobaki mahali pake.

Mzee_Kipima_Mvua:

Mwanangu, mimi niliondolewa mtoto wa jicho upande wa kulia mwezi uliopita, kushoto bado nasubiri zamu. Nikifunga jicho jipya nikatazama shati langu jeupe kwa jicho la zamani, naliona rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Nikibadilisha, shati linakuwa jeupe mpaka linaelekea kwenye buluu. Shati moja, kwenye msumari mmoja.

Lenzi ya ndani ya jicho hugeuka manjano taratibu kadiri mtu anavyozeeka. Ina maana kwa miaka nilikuwa naletewa manjano, na humo ndani kuna mtu anaandika "nyeupe" bila kuniuliza. Tena nilikuwa mbishi! Mke wangu akisema shati limefifia, mimi namwambia ni jeupe pe. Sijaenda kumwomba radhi bado, nasubiri jicho la pili nipate uhakika.

Nywele_Nne:

Mzee, omba radhi mapema.

Sindano_Butu:

Shikamoo mzee. Umenifanya nikague uzi wangu mweupe wote.

Ahsanteni sana wakuu, narudi na majibu. Leo ni siku ya kumi na mbili.

Kwanza, nilifunika jicho moja kama alivyosema Msaga_Lenzi. Sakafu ilitulia palepale, nikifunua inainama tena. Nilirudia mpaka binti yangu akauliza kama nina kichaa.

Pili, nukta za chaki. Niliziweka kwenye kitambaa cheusi chenye mistari myembamba ya kijivu, nukta ya kulia ikiwa juu ya mstari. Ilitoweka kweli. Mimi nilitegemea nione tundu, au giza, au angalau ukungu. Hakuna. Nimeona mstari wa kijivu ukipita moja kwa moja mahali pa nukta, mzima, haujakatika. Mimi ni fundi wa kurufu nguo, najua kazi ya kuziba tundu hadi lisionekane, na hii sijaona mfano wake. Nimekaa na kitambaa kile muda mrefu kuliko ninavyopaswa kukiri hapa, kazi za watu zikisubiri.

Tatu, sakafu. Sijui ilinyooka siku gani. Siku ya tano bado nilikuwa nashika ukuta. Siku ya tisa nilibeba robota la kitambaa kutoka mlangoni hadi mezani, nikalitua, ndipo nikakumbuka kwamba sikuwa nimeangalia chini hata mara moja. Meza ina pembe nne zilizo sawa. Nimekata kola tatu kwa kukadiria, zote zimelingana.

Lakini kuna jipya. Nikivua miwani kuosha uso, sakafu inainama kushoto! Ile ile sakafu ambayo nimeitembelea kwa macho haya haya bila miwani. Kwa dakika moja hivi meza inakuwa pana upande ambao mwanzo ulikuwa mwembamba, kisha inarudi. Nikivaa miwani, kidogo tu inacheza, inatulia. Kila siku mchezo huo unapungua pande zote mbili. Je, inawezekana nina sakafu mbili kichwani sasa?

Msaga_Lenzi:

Ndivyo hasa. Yule wa ndani alikuwa amesahihisha hesabu kwa ajili ya lenzi, ukaivua ghafla, sahihisho likabaki peke yake bila kosa la kusahihisha. Ndiyo maana mteremko umegeuka upande. Ukiendelea, atashika hesabu zote mbili na kubadilisha upesi. Wateja wangu wa miaka mingi wanavua na kuvaa bila kuhisi kitu.

Sindano_Butu:

Na anajuaje ashike ipi? Sekunde ile ile ya kuvaa, kabla sijapiga hata hatua?

Panya_wa_Maktaba:

Hushika dalili yoyote inayokuja pamoja na mabadiliko. Fremu inagusa pua, ukingo wake unaonekana pembeni ya jicho.

Sindano_Butu:

Droo yangu ina fremu ya zamani ya marehemu baba, haina lenzi hata moja. Kesho nikiamka nitaivaa hiyo kabla sijatia mguu chini, nione sakafu itaamua nini.