Grupu la familia: Kumbukumbu ya Kukhu, Butere (kukhu ni bibi, kuka ni babu, senje ni shangazi)

JUMATATU

Senje Flo: Habari za jioni familia. Niliandika hapa Ijumaa, nikaandika jana baada ya ibada, watu wanasoma wananyamaza, tiki za bluu naziona. Mwaka unaisha tangu tumzike mama na kaburi bado ni udongo, hii mvua imeshalibomoa upande wa chini. Fundi wa Luanda anataka depositi kabla ya Ijumaa anunue simiti na tailizi, la sivyo anashika kazi ingine Siaya. Naomba KILA MTU ajibu leo. Leo si kesho

Brayo: Nimepata senje. Mimi nilituma, imefika?

Senje Flo: Imefika asante. Wewe na Joy wa Doha tu. Na humu tuko watu ishirini na sita

Kevo: Senje si unajua wengine ni kama mashabiki wa Ingwe, AFC Leopards, tunaimba tu mpaka dakika ya tisini

Ankol Ben: Kevo usiguse Ingwe. 1998 tulipochukua ligi mama alichinja jogoo wawili na hata haikua sikukuu

Kevo: Si ni yeye alikua anajua wachezaji wote kuliko Kuka 😂

Ankol Ben: Wote. Baba alikua anashika redio lakini mama ndiye anamwambia huyo ni beki sio winga

Mama Tasha: Hahaha na alikua anaomba kabla ya penalti

Senje Flo: Jamani. Depositi

Senje Flo: Ndio hii orodha ya maandishi ya jiwe na ya kitabu cha ibada, msome mniambie kama kuna makosa kwa sababu fundi akishachonga amechonga:
"MAMA YETU MPENDWA. 1944. Mama wa Wycliffe, Florence, Benard, Phoebe, Stephen (marehemu) na Judith. Kukhu wa wengi. Umoja wa Akina Mama, ACK. Pumzika kwa amani."

Ankol Ben: Hiyo 1944 umetoa wapi?

Senje Flo: Kwa kitambulisho

Ankol Ben: Ya kitambulisho ilikua ya kukisia, wakati huo karani anakuangalia usoni anaandika. Mama mwenyewe alikua anasema alizaliwa vita vya Hitler vikiwa moto na baba yake hajarudi

Senje Flo: Sasa vita vya Hitler nitaviandika kwa jiwe Ben?

Senje Phoebe: Muulizeni Kuka Shem, ndugu ya baba. Yeye anajua nani alitangulia nani

Senje Flo: Kuka hana simu ya hivi vitu. Brayo si uko huko nyumbani wiki hii, muulize

Brayo: Sawa senje

JUMANNE

Senje Phoebe: Nimeamka nikiwaza ile treni. Mnakumbuka? Baba akiwa reli tulikua na pasi, tunapanda Nakuru usiku mama ametufunga leso wote kama mizigo, Njoro, Elburgon, Molo ile baridi ya kukata masikio, Londiani, mnaamka Muhoroni jua liko juu ya miwa na tayari joto, halafu Kisumu mnangoja ile ya Butere. Na yeye hakuwahi kulala njiani hata mara moja. Alikua anahesabu vichwa kila stesheni. Kwenda anabeba kabichi na viazi za soko la Wakulima, kurudi anabeba ndizi, kunde kavu na chupa ya munyu, ile chumvi ya jivu, na ile chupa ilikua inakaa kwa paja lake kama mtoto

Ankol Ben: Na 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, zile familia za Uganda kwa kota zetu zikaanza kurudi kwao. Mama Namu wa mlango wa pili alipoenda mama alimpa sufuria yake kubwa ya pekee. Baba akauliza sasa sisi tutapikia nini. Akasema wao wanaenda mbali

Joy Doha: Sikua najua hii story aki 😭 andikeni yote, sisi wengine tulimkuta akiwa mzee

Senje Judi: Sisi tunakumbuka uji. Januari 2008 wakimbizi wa ghasia za uchaguzi walipojaa Showground ya Nakuru, kila asubuhi anatoka na ndoo ya uji na vikombe, anamimina kwa foleni, na hakuuliza mtu kabila. Mimi nilikua namwambia mama hapana usitoke, huko nje si salama. Ananiambia Judi shika mfuniko

Mama Tasha: Kuku wa kienyeji wako tayari, jogoo 1200 koo 900, delivari Lanet na Free Area bure

Mama Tasha: Pole pole jamani grupu imechanganyika

Kevo: Mama Tasha weka mimi jogoo mmoja

Ankol Ben: Wa Lanet ni yule anawika usiku? Huyo namjua

Kevo: Huyo ni alamu ya estate mzima

Senje Flo: Kevo umeweza kuitisha jogoo ya 1200 na mchango wa kaburi ya Kukhu umekushinda?

Kevo: Senje natuma leo jioni, mimi na wewe hakuna haja ya kugombana

Senje Phoebe: Mimi nataka kwa hiyo kumbukumbu kuwe na mrenda wa mama, sio pilau ya kukodisha wapishi. Lakini munyu ule wa kweli nani anajua kutengeneza? Ule wa soko siku hizi ni kama magadi tu

(…)

Senje Imelda: Munyu najua. Unachukua maganda ya maharagwe makavu kabisa, unachoma mpaka yawe jivu jeupe, usichanganye na kuni zingine. Jivu unaweka kwa chombo chenye matundu chini, unaweka nyasi kidogo isidondoke jivu, unamwaga maji pole pole usiharakishe. Kinachotoka chini kinakua na rangi ya chai ya rangi. Kwa mrenda na kunde unaweka kidogo tu inalainisha na inaondoa ule uchungu, ukizidisha imeharibika. Yeye alikua anaonja kwa ncha ya ulimi kwanza. Nitaleta chupa mbili

Senje Phoebe: Asante Imelda. Huo ndio wenyewe

Senje Imelda: Na mchango wangu nitatuma mwisho wa mwezi. Hayo majina ya jiwe nimeona, sina neno

(…)

Senje Judi: Flo.

Senje Judi: Flo hebu soma tena hiyo orodha uliandika jana

Senje Flo: Nimesoma

Senje Judi: Imelda ako wapi?

Senje Flo: Judi hiyo nilikopi vile ilikua kwa programu ya mazishi. Ile haikuandikwa na mimi, iliandikwa na kamati watu wakiwa na haraka na mnajua ilikua saa ngapi

Senje Judi: Ndio nasema. Mwaka jana aliachwa tukasema ni haraka. Saa hii haraka iko wapi? Mama alilala kitandani miaka tatu. Nani alifunga kibanda yake ya mitumba Top Market akaenda Butere kumgeuza kila masaa mawili asipate vidonda? Mimi nilikua nakuja Krismasi na sukari kilo mbili. Hebu tusemeni ukweli

Ankol Ben: Judi yuko sawa. Mimi pia nilituma pesa nikaona nimemaliza

Baba Mkubwa Wycliffe: Hamjambo. Nimekua nikisoma. Naomba tusichanganye mambo. Kushukuru mtu ni kushukuru na tulimshukuru. Jiwe la kaburi ni la boma, na boma lina utaratibu wake. Leo mnaandika jina, kesho mtu wa ardhi akija kuuliza watoto ni wangapi mtasema nini

Senje Phoebe: Kaka, kwani nani ametaja shamba?

Baba Mkubwa Wycliffe: Nasema tu. Mimi ndiye nakaa hapo, mimi ndiye naulizwa

Senje Judi: Nilijua tutafika hapo. Tangu ile siku ya mti wa mvule nilijua

Ankol Ben: Mvule tusirudie Judi tafadhali

Senje Judi: Mimi siurudii, ndio umekuja wenyewe

Senje Flo: WATU WOTE tulieni. Mimi nataka depositi na tarehe. Agosti ama Desemba. Watoto wa shule wakifunga Agosti ni rahisi, lakini Joy anapata likizo Desemba

Joy Doha: Desemba plizi

Mama Tasha: Agosti. Desemba nauli ya Nakuru kwenda Kisumu inapanda mara mbili

Kevo: Tufanye Oktoba katikati, nauli ya mbuzi 😅

Senje Imelda: Msigombane kwa ajili yangu. Yeye angekasirika

JUMATANO

Brayo: Wakubwa shikamooni. Niko na Kuka Shem hapa. Nimemsomea grupu yote tangu Jumatatu, alisema nisiruke hata moja, hata ya jogoo. Ameniambia nichape vile anasema na nisipunguze. Sasa naandika maneno yake

Brayo: "Mulembe watoto wa ndugu yangu. Mimi ni Shem. Kati ya wale tulioenda kumposea ndugu yangu huyu mwanamke nimebaki peke yangu, kwa hiyo nisikilizeni.

Mwaka wa njaa, ule wa mahindi ya njano, 1984, alitoka Nakuru na treni akaja kwangu kabla hajaenda kwa nyumba yake. Alikua na gunia nusu la yale mahindi na msichana mdogo ameshika sketi yake. Mama ya huyo msichana waliuza mboga pamoja, akafa. Akaniambia, Shem, huyu ni wa saba, mpe jina la kwenu. Nikampa jina la mama yangu. Imelda ni la kanisa. Jina lake la nyumbani mnalijua wote.

Mwaka jana nilisimama kaburini nikasikia watoto sita. Nikanyamaza kwa sababu ya maiti, si kwa sababu nimekubali. Sasa mnataka kunyamazisha jiwe pia. Mkiandika sita, jina la mama yangu mmelitupa nje ya uzio, na mimi sitakuja, na siku yangu ikifika msinilaze upande huo.

Wycliffe, mambo ya shamba yana kikao. Niite, ita na wazee wa ukoo, tukae. Usiyafiche nyuma ya jiwe la mama yako. Na ule mvule ulikua wa nani tutaongea hiyo siku.

Mwaka wa kuzaliwa sijui. Alikua mkubwa kwangu, alinibeba nikiwa na mafua, andikeni hivyo mkitaka. Nimemaliza."

Brayo: Ndio hayo. Amesema nisiongeze kitu

(…)

Ankol Ben: Tumesikia Kuka.

Senje Phoebe: Tumesikia Kuka. Asante sana

Mama Tasha: 🙏🏾

Kevo: Tumesikia Kuka

Joy Doha: 🙏🏾🙏🏾 nalia kwa bas

Senje Judi: Asante Kuka

Senje Flo: Tumesikia Kuka. Nimeongea na fundi saa hii. Nimemwambia ajenge msingi na kuta tu, asishike maandishi mpaka nimwambie. Amekubali lakini bado anataka depositi Ijumaa, haijapungua

Baba Mkubwa Wycliffe: Brayo mwambie Kuka nitampitia kesho asubuhi. Sitaki kuandika hapa

Brayo: Nimemwambia. Amesema uje umekula, maongezi ni marefu

Senje Flo: Kaka ukitoka hapo unijulishe majina ni ngapi, mchongaji analipisha kwa herufi

Baba Mkubwa Wycliffe: Nitakujulisha.

Senje Phoebe: Flo majina ni saba. Hakuna kujulishwa

Senje Flo: Phoebe mimi pia nasema saba. Lakini yule anaishi hapo ni yeye, sitaki fundi afukuzwe na simiti yangu ikae kwa mvua

ALHAMISI

Senje Flo: Mpaka sasa waliotuma ni tisa. Kevo asante hatimaye. Ben umetuma nusu, nangoja ingine. Kaka Wycliffe mmeonana na Kuka?

Senje Flo: ??

Kevo: Senje nimemuona stejini Butere mchana akinunua mkate na sukari, sijui ni ya kwenda ama ya kutoka

Senje Judi: Imelda uko? Umenyamaza tangu jana

Senje Imelda: Niko dada. Nilimpigia Kuka tukaongea. Flo, hiyo pesa nimekopa chama nimetuma yote leo ya fundi isichelewe, angalia kama imefika

Senje Flo: Imefika Imelda. Mungu akubariki sana. Sasa tumefika karibu, tumebakisha kama elfu nane

Ankol Ben: Naongeza kesho nikipata

Senje Flo: Na tarehe? Agosti ni sita, Desemba ni saba, wengine wote kimya. Nitaweka kura ingine usiku na hii ndio ya mwisho, asiyepiga asinilaumu. Na nani atakuwa Luanda Jumamosi akague simiti kabla ipakiwe, nataka mtu ahesabu mifuko kwa macho yake

Brayo: Naweza senje, lakini ni baada ya saa nane

Senje Flo: Fundi anapakia asubuhi. Mwingine?