Mjadala: Je, serikali ya Ayalandi irudie kuwatambua wakuu wa koo za Kigaeli?

ANAYEPINGA
Kuanzia miaka ya 1940, ofisi ya nasaba mjini Dublin iliwatambua "wakuu wa jina", yaani vichwa vya koo kama O'Brien na O'Neill. Mwaka 2003 utaratibu ukasitishwa, baada ya kubainika kwamba aliyetambuliwa kama MacCarthy Mór, yaani mkuu wa ukoo wa MacCarthy, alitumia nasaba ya kughushi. Nasema usirudishwe, kwa sababu kipimo chenyewe kilikuwa kibovu. Ofisi ilifuata mtoto wa kwanza wa kiume, kizazi hadi kizazi. Wagaeli, wenyeji wa Ayalandi wa zamani, hawakurithishana hivyo. Waliostahili kugombea ni derbfine nzima: watoto, wajukuu na vitukuu wa kiume wa mzee mmoja. Humo alichaguliwa mwenye uwezo na wafuasi, na mara nyingi mrithi wake, tánaiste, alitajwa mapema. Mtoto wa mtawala aliweza kupitwa na baba yake mdogo, na hakuna aliyeona ajabu.

ANAYEUNGA MKONO
Ndugu yangu, mfumo huo ulikufa kisheria mwaka 1608, mahakama ya Dublin ilipoufuta. Na kabla ya hapo, Henry VIII, mfalme wa Uingereza, alikwisha kuwapa machifu hati za vyeo vya Kiingereza: O'Neill akawa Earl (cheo cha kurithiwa cha Kiingereza) wa Tyrone mwaka 1542, O'Brien Earl wa Thomond mwaka 1543. Urithi wa mtoto wa kwanza haukubuniwa na makarani wa miaka ya 1940.

ANAYEPINGA
Basi tuutazame huo mfano wa Tyrone. Hati ya 1542 ilimtaja Matthew kuwa mrithi wa Conn O'Neill. Shane, mtoto mwingine wa Conn, akaikataa. Matthew akauawa na watu wa Shane mwaka 1558, na mwaka uliofuata Shane akachaguliwa kuwa O'Neill kwa desturi. Mwaka 1595 Hugh, mtoto wa Matthew, naye akasimikwa kuwa O'Neill huko Tullaghoge, mahali pa kuwatawaza wakuu wa ukoo huo, kwenye kiti cha mawe ambacho jeshi la Kiingereza lilikivunja mwaka 1602. Sasa karani aanzie kwa nani kufuata vizazi hadi leo, kwa Shane au kwa Hugh? Kila jibu linatoa mkuu tofauti.

MCHANGIAJI WA TATU
Mnabishana juu ya karne ya 16 tu. Nyuma zaidi hali ni ngumu mno. Dál Cais, watu wa Brian Boru, mfalme wa Ayalandi aliyeuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014, hapo mwanzo walikuwa tawi la Déisi, watu wa chini. Walipopanda madarakani, wataalamu wa nasaba wakawapa babu mpya, Cormac Cas, wakamfanya ndugu wa Eógan, mzee wa Eóganachta, ukoo uliokuwa ukitawala Munster, kusini mwa Ayalandi. Kwa mwandishi wa zama hizo nasaba ilikuwa mkataba wa siasa. Madaraka yakihama, babu naye huhama. Ndiyo maana nasaba ipimwe kwa kumbukumbu za mwaka kwa mwaka zilizoandikwa na watawa, kuanzia jina lenye tarehe ya kifo, kisha kurudi nyuma kizazi kimoja kimoja.

ANAYEUNGA MKONO
Hapo nakubali. Basi serikali isajili hati: wosia, mikataba ya ardhi, barua za familia. Cheo kibaki kwa ukoo wenyewe, na wakitaka kumchagua mkuu kwa kura za derbfine, wachague.